Je, karata za kasino zinashindika? Namna ya kuipima meza kabla ya kuweka dau

Michezo ya karata ya kasino ni mingi, lakini ukitafuta ule ambao mchezaji anaweza kukaa upande wa faida dhidi ya nyumba yenyewe, yaani kasino, unabaki na mmoja: blackjack, ile ya kutafuta 21. Na hata huo si kwa kila meza wala kwa kila mtu. Poka ya wachezaji kwa wachezaji nayo inashindika, ila pale unakula fedha za wenzako huku nyumba ikichukua ushuru wake. Iliyobaki, yaani bakarati na zile poka za kucheza na mgawaji, haina mlango.

Usitegemee kutajirika kwa kusoma hapa. Utapata hatua za kuipima meza uliyoikuta, iwe Dar es Salaam, Nairobi au Las Vegas, ujue kabla ya kununua chipu kama kuna kitu pale, na kama hicho kitu kinalipa kuliko kazi yako. Kwa Tanzania na Kenya lazima uwe na miaka 18. Uganda wanataka 25.

Hatua ya 1: Angalia karata zinachangwa lini

Faida yote ya mchezaji inatoka sehemu moja: karata iliyokwisha kutoka hairudi mpaka zichangwe upya. Ree zote nne za pakiti moja zikitoka mapema, hakuna tena ree, na waliobaki mezani wanacheza mchezo tofauti na ule wa mwanzo. Mpira wa ruleti haujali ulikotua dakika moja iliyopita. Karata zilizobaki kwenye sanduku zinategemea kabisa zile zilizotangulia.

Kwa hiyo swali la kwanza ni lini zinachangwa. Kwenye poka ya karata tatu zinachangwa kila mzunguko, mara nyingi kwa mashine, na hapo hakuna cha kukumbuka. Mbinu yake nzima inaingia katika sentensi moja: endelea ukiwa na malkia, 6 na 4 au zaidi, chini ya hapo tupa. Ukiifuata bila kosa, nyumba bado inabaki na takriban 3.4% ya dau lako la kwanza. Caribbean Stud, poka nyingine ya kucheza na mgawaji, inachukua zaidi ya 5%.

Bakarati inawadanganya wengi kwa sababu inachezwa kwa sanduku la pakiti nane na karata hazirudi. Pale unabashiri tu upande upi utashinda, Benki au Mchezaji, au kwamba watatoka sare. Dau la Benki linaipa nyumba kama 1.06%, la Mchezaji 1.24%, la Sare zaidi ya 14%. Lakini kutoka kwa karata fulani hakusogezi mizani kiasi cha kukufaa, kwa kuwa pande zote mbili zinafuata sheria zilizopangwa na wewe huna uamuzi wowote baada ya kuweka dau. Wale wanaojaza vikaratasi, Benki mara tano, Mchezaji mara mbili, wanaandika historia isiyotabiri chochote. Kasino inawapa karatasi na kalamu bure. Ingekuwa silaha, ungeinunua.

Hatua ya 2: Soma kitambaa cha meza

Umefika kwenye blackjack. Usikae. Simama nyuma ya viti usome maandishi yaliyochapwa kwenye kitambaa, kwa sababu mkataba wenyewe ndio huo.

Cha kwanza ni malipo ya blackjack, yaani ree pamoja na 10 au picha katika karata mbili za mwanzo. Meza nzuri inalipa 3 kwa 2: dau la shilingi 10,000 linaleta 15,000. Meza mbaya inalipa 6 kwa 5, na dau lile lile linaleta 12,000. Tofauti ya 3,000 inaonekana ndogo, na kasino inategemea uione hivyo. Lakini blackjack inakuja takriban mara moja katika kila mikono 21. Ukicheza mikono 70 kwa saa, ni kama mara tatu na kitu, na karibu shilingi 10,000 zimeondoka kwa saa bila wewe kukosea lolote. Kwa asilimia, nyumba imejiongezea kama 1.4. Hakuna ustadi wa kawaida unaofidia hilo, kwa hiyo ukiona 6 kwa 5, ondoka.

Cha pili, mgawaji anafanya nini akiwa na 17 yenye ree inayohesabika 11. Akikaa, yaani asichukue karata nyingine, ni afadhali kwako. Akiomba karata, umepoteza kama 0.2%. Cha tatu ni idadi ya pakiti, na kadiri zinavyopungua ndivyo meza inavyokuwa bora, ingawa siku hizi utakuta sita au nane.

Cha nne hakiandikwi popote, nacho kinazidi vyote kwa anayetaka kuhesabu: kile kikadi cha plastiki cha kukatia, kinachoonyesha ugawaji utakoma wapi ili zichangwe upya. Mgawaji akikichomeka katikati ya sanduku la pakiti sita, pakiti tatu hazitatoka kabisa na hesabu yako haitapata nafasi ya kukua. Unataka zigawiwe angalau pakiti nne na nusu. Na kama juu ya meza kuna mashine inayomeza karata kila mzunguko na kuzichanga bila kukoma, kuhesabu kumekwisha. Meza hiyo sasa ni sawa na ruleti yenye picha za wafalme.

Hatua ya 3: Jua kila mkono unachezwaje

Mwaka 1956 wanajeshi wanne wa Marekani waliokuwa kambi ya Aberdeen, jimbo la Maryland, Baldwin, Cantey, Maisel na McDermott, walichapisha katika jarida la wanatakwimu namna bora ya kucheza kila mkono wa blackjack. Walitumia mashine za kujumlisha za mezani. Kompyuta zilipokuja zilirekebisha kidogo tu. Jedwali lao, kwa sura yake ya leo, linapatikana bure kila mahali, na unatakiwa ulijue kama unavyojua namba ya simu yako.

Mantiki yake ni hii. Nyumba inapata faida kwa sababu wewe unacheza kwanza. Ukipita 21 umeliwa papo hapo, hata kama mgawaji naye atapita baadaye. Kwa hiyo mgawaji akionyesha karata dhaifu, 4, 5 au 6, unamwachia yeye hatari. Akiwa na 6 juu, karibu mara 4 kati ya 10 atapita. Ukiwa na 13 hapo, kaa, hata roho ikuume. Akionyesha 7 hadi ree, huna anasa hiyo: 12 hadi 16 unaomba.

Ree mbili unazigawa daima ziwe mikono miwili, 8 mbili vilevile. 10 mbili huzigawi, maana 20 ni mkono wa kushiba. 5 mbili ni 10, zichukulie hivyo. Ukiwa na 11 na mgawaji hana ree, zidisha dau mara mbili. Bima, lile dau la pembeni kwamba mgawaji anayeonyesha ree ana blackjack, usinunue: inalipa 2 kwa 1, na kwenye pakiti kamili karata za 10 ni 16 kati ya 52, chini ya theluthi moja inayotakiwa ili bei iwe ya haki.

Mkono unaogombanisha watu mezani ni 16 dhidi ya 10. Ukweli ni kwamba uombe ukae, kwa wastani unapoteza zaidi ya nusu ya dau, na tofauti kati ya uamuzi huu na ule ni nyembamba mno. Kama nyumba inaruhusu kujisalimisha kwa nusu ya dau, jisalimishe. Jirani atakayekulaumu kwamba umechukua karata "yake" mwitikie kwa heshima, kisha uendelee na mambo yako. Uamuzi wako unamdhuru mara nyingi sawa na unavyomsaidia.

Ukifika hapa bila makosa, kwenye meza nzuri, nyumba inakula kama 0.5% tu. Bado ni kuliwa, lakini polepole.

Hatua ya 4: Hesabu

Edward Thorp, mwanahisabati aliyekuwa chuo cha MIT, Marekani, alitumia kompyuta ya IBM 704 kupima kinachotokea kila aina ya karata inapopungua. Alikwenda Nevada kujaribu, na mwaka 1962 akachapisha matokeo. Kasino zilishtuka hadi mwaka 1964 zile za Las Vegas zikabana sheria za mchezo, wateja wakasusa, sheria zikarudishwa. Baadaye walikuja watu wengi zaidi mezani, wakiamini kwamba wanaweza kushinda na bila kufanya kazi ya kujifunza. Biashara ilinoga.

Alichoonyesha ni kwamba karata kubwa zilizobaki zinamfaa mchezaji, ndogo zinamfaa mgawaji. Karata kubwa zinaleta blackjack, ambazo wewe unalipwa nusu zaidi na mgawaji halipwi ziada, na zinamwangusha mgawaji ambaye hana hiari, lazima aombe akiwa na 12 hadi 16.

Mfumo rahisi unaotumika zaidi: 2 hadi 6, jumlisha 1. 7, 8 na 9, acha. 10, picha na ree, toa 1. Huhitaji kukumbuka karata yoyote. Unabeba namba moja kichwani.

Tazama mzunguko mmoja wa sanduku jipya la pakiti sita. Wa kwanza ana 5 na mfalme: +1 kisha sifuri. Wa pili ana 9 na 4: umefika +1. Wewe una 6 na 2: +3. Mgawaji anaonyesha 3: +4. Wa kwanza ana 15, anakaa. Wa pili ana 13, anakaa. Wewe una 8, unaomba, inakuja 5: +5, una 13, unakaa. Mgawaji anavuta 10, hesabu inarudi +4, ana 13. Anavuta 4: +5, ana 17. Wote watatu mmeliwa, jirani anasonya, na wewe unatakiwa kufurahi kidogo, kwa sababu karata ndogo saba zimeondoka na kubwa mbili tu.

Ila usipandishe dau bado. Namba hiyo inagawanywa kwa pakiti zilizobaki. Bado kuna karibu sita, kwa hiyo +5 yako haifiki hata 1. Ingekuwa +9 na pakiti tatu zimebaki, ungekuwa na +3, na kila nukta moja inakusogezea takriban nusu asilimia. Ulianza ukiwa chini kwa 0.5, sasa uko juu kwa kama 1%. Hapo ndipo dau linapanda. Na hapo ndipo bima, ile niliyosema usinunue, inaanza kufaa.

Fanya mazoezi nyumbani kwa pakiti moja. Ukimaliza karata zote 52 jibu lazima liwe sifuri. Ukiweza kwa chini ya nusu dakika huku redio imewashwa na watoto wanakuuliza maswali, uko karibu.

Hatua ya 5: Piga hesabu ya mshahara

Hii ndiyo hatua ambayo wanaouza kozi za kuhesabu karata hawaifikii, na ndiyo ninayotaka uifanye kwa kalamu.

Tuseme dau la chini ni shilingi 10,000. Unaweka hilo hesabu ikiwa mbaya, na unapandisha hadi 80,000 ikiwa nzuri. Wastani wa dau lako uwe 20,000, na faida yako, ukichanganya nyakati mbaya na nzuri, iwe 1%, ambayo tayari ni ukarimu. Mikono 70 kwa saa. 20,000 mara 70 mara 0.01: shilingi 14,000 kwa saa.

Sasa upande wa pili. Kwa sababu ya madau makubwa ya mara chache, saa moja inaweza kwa kawaida kukutupa juu au chini kwa kama shilingi 290,000. Soma tena namba hizo mbili zikiwa pamoja. Mshahara wako ni 14,000, na mawimbi yanayoupiga ni ya 290,000. Inachukua zaidi ya saa 400 mpaka faida uliyotarajia ilingane na ukubwa wa mawimbi, na hata ukifika huko, umecheza bila kosa hata moja, kuna uwezekano wa karibu 1 kati ya 6 kwamba uko chini ya ulipoanzia. Kwa saa 20 kila wiki hiyo ni miezi mitano.

Mtaji nao una hesabu yake. Ukianza na shilingi milioni 3 kwa madau haya na kuendelea bila kuyapunguza, uwezekano wa kufilisika kabla faida haijakuokoa unazidi theluthi moja. Ili ushuke hadi 5% unahitaji kama milioni 9, na ziwe ni fedha zisizo na jina lingine: si ada, si kodi ya nyumba, si mchango wa kikundi.

Halafu toa nauli, chakula, bahashishi, na kodi. Ulizia mahali ulipo kodi inakatwaje. Kama inakatwa kwenye ushindi bila kurudisha chochote kwenye hasara, faida ya 1% haipo tena, imemezwa kabla hujafika dirishani.

Mwenye mtaji mdogo mara nyingi anakimbilia kuzidisha dau kila anapoliwa, akiamini lazima atashinda siku moja. Anza na 10,000, kisha 20, 40, 80, 160, 320 elfu. Mara sita mfululizo zimekula 630,000, na dau la saba ni 640,000. Meza yenye kikomo cha 500,000 hairuhusu. Mkosi wa mara sita unatokea kama mara moja katika kila majaribio 50, na ulichokuwa unakitafuta muda wote huo ni kushinda 10,000.

Hatua ya 6: Tarajia kuonekana

Kuhesabu kwa kichwa si wizi. Kutumia kifaa ni habari nyingine: Nevada ilipiga marufuku mwaka 1985, na popote pale usijaribu. Lakini kasino haihitaji kukushtaki. Dau linalolala kwenye 10,000 kisha linaruka hadi 80,000 hesabu inapopanda linaonekana kwa kamera, kwa msimamizi, hata kwa mgawaji mzoefu. Utaambiwa kwa adabu ucheze mchezo mwingine, au watakata sanduku katikati. Ken Uston, mhesabu karata, alipinga jambo hilo katika jimbo la New Jersey, Marekani, na mwaka 1982 mahakama ya juu ya jimbo ikampa haki: kasino za huko hazina ruhusa ya kumfukuza mtu kwa kuhesabu tu. Zikajibu kwa pakiti nyingi zaidi na kuchanga mara kwa mara. Nje ya New Jersey, mara nyingi mlango ni wa mwenye nyumba.

Kundi lililoanzia kwa wanafunzi wa MIT lilikwepa hilo kwa kugawana kazi: mmoja anahesabu akiweka dau dogo lisilobadilika, anatoa ishara, mwingine anaingia kama tajiri aliyelewa na kuweka dau kubwa. Ilifanya kazi kwa miaka, kwa mtaji wa wawekezaji na mitihani ya ndani kabla mtu hajaruhusiwa kugusa fedha. Huo ni utaratibu wa kampuni.

Phil Ivey, mcheza poka wa kulipwa kutoka Marekani, alichukua njia nyingine. Mwaka 2012, kwenye kasino ya Crockfords, London, alicheza bakarati kwa karata ambazo migongo yake haikukatwa sawasawa, akamfanya mgawaji azigeuze zile alizozitaka kwa kisingizio cha bahati, akashinda pauni milioni 7.7. Kasino ilimrudishia fedha zake za kuchezea na kuzuia ushindi. Mahakama ya Juu ya Uingereza ilimaliza shauri mwaka 2017: huo ni udanganyifu. Naona walikuwa sahihi, ingawa nakiri akili yake inapendeza.

Hatua ya 7: Kama ni poka, anza na ushuru

Meza ya watu tisa, mikono 30 kwa saa, nyumba ikichukua wastani wa 5,000 kila mkono: 150,000 zinatoka mezani kila saa. Gawanya kwa tisa, kila mtu anadaiwa karibu 16,700 kwa saa kabla ya kuanza kushinda. Kwa hiyo usiulize kama wewe ni hodari. Uliza kama mezani kuna watu dhaifu kiasi cha kulipa ushuru wako na wao. Wataalamu tisa waliozoeana, kwenye meza hii, wote wanaweza kupoteza, na anayepata ni nyumba.

Mtandaoni ongeza hatari nyingine. Mwaka 2019 programu ya Pluribus, ya watafiti wa Carnegie Mellon na Facebook, iliwashinda wacheza poka wa kulipwa kwenye meza ya watu sita. Huwezi kujua nani ameketi nyuma ya jina la kwenye skrini.

Hatua ya 8: Kwenye simu

Blackjack ya programu inachanga karata upya kila mkono. Kuhesabu pale ni sawa na kuhesabu magari barabarani. Ile ya video ya moja kwa moja, yenye mgawaji halisi, kwa kawaida ni pakiti nane na kikadi kinakaa karibu katikati, kwa hiyo rudi hatua ya 2.

Ukiletewa kwenye Telegram au WhatsApp kundi la "sinyali" za bakarati au mfumo usioshindwa, angalia kiungo unachotakiwa kujisajilia. Mara nyingi kina alama ya mwenye kundi, na makubaliano yake na kampuni ni kulipwa asilimia ya fedha ambazo waliojisajili kupitia kwake wanapoteza.